Simu Ikiharibika, Rekodi Zako Zitabaki Wapi? Jinsi ya Kuweka Seva Ndogo Nyumbani

Mwaka jana simu ya shangazi yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji. Ana duka la nguo hapa Ishiara. Laini aliirudisha siku hiyo hiyo, na pesa zake akazikuta zote. Lakini picha za daftari la madeni, meseji za wateja na picha za mazishi ya nyanya hazikurudi. Wateja wawili wakasema walishalipa deni lao kwa pesa taslimu. Sasa angewabishia na nini?

Hapo ndipo wengi wetu huchanganya mambo. Kampuni ya malipo hutunza rekodi ya miamala yako, na unaweza kuomba taarifa yake. Daftari lako la madeni, risiti za mzigo na picha za familia ni jukumu lako. Tena Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka mfanyabiashara atunze rekodi zake kwa miaka 5. Simu moja haitoshi.

Hatua ya 1: Tafuta mashine

Seva ni kompyuta tu inayokaa imewashwa ikitunza faili. Laptopu ya zamani inafaa sana, kwa sababu stima ikipotea betri yake huishikilia kwa muda. Kagua betri kwanza: ikiwa imevimba, iondoe. Iweke mahali penye hewa, si juu ya kabati karibu na mabati, maana joto la huku unalijua. Ipangie isilale ukifunga kifuniko.

Na tokeni je? Laptopu inayokula wati 15 mchana na usiku hutumia takriban yuniti 11 kwa mwezi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kwa wati 5, hutumia chini ya yuniti 4.

Hatua ya 2: Weka programu

Zote hizi ni za bure:

- Ubuntu au Debian: mfumo wa kuendesha mashine.
- Syncthing: hunakili picha na faili kutoka kwenye simu. Kwa Android tumia Syncthing-Fork, na uiruhusu ifanye kazi kwenye Wi-Fi pekee ili isimalize bando.
- Jellyfin: hukuwezesha kutazama video zako kwenye TV au simu.

Angalia hapa vizuri: ukifuta picha kwenye simu, Syncthing inaweza kuifuta kwenye seva pia. Kwa hivyo, upande wa seva, washa mpangilio wa kutunza matoleo ya zamani ya faili.

Kwa upande wa burudani, kutazama filamu mtandaoni kwa ubora wa HD kunaweza kula GB 3 kwa saa. Video ya harusi iliyo kwenye seva yako, ukiitazama kwa Wi-Fi ya nyumbani, haigusi bando hata kidogo.

Hatua ya 3: Ifikie ukiwa mbali

Uko Embu kununua mzigo na unataka risiti ya mwezi jana? Mitandao mingi ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hivyo hauwezi kuifikia seva moja kwa moja kutoka nje. Tailscale hutatua shida hii: iweke kwenye seva na kwenye simu, ingia kwa akaunti moja, na vifaa hivyo vitaonana popote palipo na mtandao. Usifungue milango ya ruta ovyo, wezi hupitia hapo. Kumbuka pia kwamba stima ikienda, ruta nayo huzima, hata kama laptopu bado iko hai.

Hatua ya 4: Fuata kanuni ya 3-2-1

Kuwa na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na nakala 1 iwe mbali na nyumbani. Kwa shangazi tulifanya hivi: simu, seva, na diski ya nje anayokaa nayo binti yake mjini. Kila akija nyumbani huileta, tunaongeza faili mpya, anarudi nayo. Moto au mwizi akifika dukani, diski iko salama.

Hatua ya 5: Linda siri zako na za wateja

- Usihifadhi namba yako ya siri kwenye seva, hata kwa picha.
- Funga diski ya nje kwa nenosiri. Majina na namba za wateja wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.
- Mtu akikupigia akidai anataka "kukuwekea seva" na akuombe namba ya siri, kata simu.

Mwisho, fanya jaribio. Mara moja kwa mwezi chagua faili moja, ifungue kutoka kwenye seva na uone kama inasomeka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee.

Hauna laptopu bado? Leo jioni piga picha kurasa zote za daftari la madeni, uzinakili kwenye flashi, na umpe mtu unayemwamini akuwekee. Hiyo tayari ni nakala ya pili.