Sonona Baada ya Kujifungua: Tiba Inaanza kwa Kuzungumza

Mzazi akilia siku ya tatu baada ya kujifungua, huambiwa atulie, itapita. Mara nyingi hupita kweli ndani ya wiki mbili. Isipopita, huenda ni sonona. Huo ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu, si kudeka, wala si kutompenda mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona.

Dalili

Huzuni au hasira kila siku, usingizi kugoma hata mtoto akilala, kukosa hamu ya kula, kujiona mama mbaya, kutovutwa na mtoto.

Tiba ya mazungumzo

Mtaalamu husikiliza kwanza, kisha mnachambua mawazo pamoja. Ukisema, "Mtoto analia kwa sababu sifai," atakuuliza: alinyonya saa ngapi? Amelowa? Jana nani alimbembeleza akanyamaza? Mara nyingi jibu ni wewe mwenyewe.

Hufuata hatua ndogo: kuoga kabla ya kazi za nyumbani, au kutembea hadi gengeni jioni, huku ukiangalia hali yako ilivyobadilika.

Pia mtafanya mazoezi ya kuomba msaada waziwazi: "Baba Amina, leo naomba umbebe mtoto kuanzia saa tatu hadi saa sita usiku, nilale."

Tiba ya aina hii si lazima itolewe na daktari. Katika vijiji vya Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa waliwatembelea majumbani kina mama wenye sonona. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kuwa miezi 6 baada ya kujifungua, 23% bado walikuwa na sonona, dhidi ya 53% ya waliotembelewa bila tiba hiyo.

Familia

Wazazi wengi wa Kihonda au Mafiga, mjini Morogoro, wako mbali na mama zao walioko Mgeta au Matombo. Bibi akishuka mjini kwa ajili ya arobaini, ampokee mtoto ili mzazi alale, asije kumkagua.

Pa kuanzia

Siku ya kliniki ya mtoto, usisubiri kuulizwa. Mwambie nesi: "Tangu nijifungue sina raha, naomba tuzungumze faragha." Zahanati au kituo cha afya kinaweza kukupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Ukihitaji dawa, zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha. Usiziache bila kumwuliza daktari.

Hatari

Mzazi akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, akisikia sauti wasizosikia wengine, au akikesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, msimwache peke yake hata dakika moja. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.