Mzazi Aombaye Kwenda Choo Kila Mara

Amri ya Nne, tuliyojifunza katika Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, haikuweka kikomo cha umri wala cha akili. Twasema hivi kwa ajili ya nyumba za Mlali ambamo mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huwaamsha watu usiku mara nyingi, akitaka kupelekwa choo, na akifika hutoa matone tu. Watoto huchoka, wakadhani ni ukaidi. Sivyo. Ubongo ulio mzima hukiamuru kibofu kingoje, uliodhoofika hauwezi. Tena mzee husahau kwamba ametoka choo sasa hivi.

Wengine humnyima maji. Hilo ni kosa kubwa, hasa katika nchi kavu kama hii yetu: mkojo uliokolea huchoma kibofu na haja huzidi, hata choo kigumu hukibana kibofu. Anywe vya kutosha mchana, chai ya jioni ipunguzwe.

Lakini haja ikiongezeka ghafula, au mzee akizidi kuchanganyikiwa kwa siku mbili tatu, mpelekeni zahanati akapimwe mkojo na sukari. Mwanamume aulizwe pia habari ya tezi dume.

Nyumbani, mpelekeni kila baada ya saa mbili, kabla hajaomba. Usiku wekeni chombo na taa karibu na kitanda, asije akaanguka njiani. Amwoshaye awe mtu ambaye mzee hamwonei haya. Mara nyingi ni mjukuu, kwa ule utani wao.