Amepona, Lakini Nguvu Hazijarudi

Je, mwenzako amewahi kupona ugonjwa mkali, mkamshukuru Mungu pamoja na majirani, halafu baada ya miezi mitatu ukaanza kumwona mvivu? Mimi nilimwona hivyo mke wangu, nami ni katekista.

Ilikuwa mwaka 2021. Mwezi wa Juni, serikali iliziwekea Homa Bay, Migori na kaunti nyingine 11 masharti makali ya Korona. Kutotoka nje kulianza saa moja jioni, na hapa kwetu Magunga watu wa omena, ambao kazi yao ni ya usiku, walijua uchungu wake. Mke wangu aliugua wiki mbili, akapona. Mwezi wa Septemba alilima kipande kidogo cha shamba, na siku mbili zilizofuata hakuinuka kitandani. Nikamwambia, "Mbona juzi sokoni ulikuwa unacheka na wenzako?" Neno hilo lilimliza.

Sikujua kwamba hali hiyo ipo na inajulikana. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliieleza: dalili ambazo mtu bado anazo miezi mitatu tangu augue Korona, zinazodumu angalau miezi miwili, na hazina sababu nyingine. Huwa ni uchovu, kukosa pumzi, kusahausahau. Humpata hata aliyeugua kidogo tu nyumbani. Tena kwa wengi uchovu hauji wakati wa kazi. Huja saa kadhaa baadaye, au kesho yake. Basi anayecheka Jumanne na kulala Jumatano hakudanganyi. Ukimlazimisha ajikaze ili azoee, waweza kumzidishia.

Afanye nini? Agawe kazi, apumzike kabla hajachoka, amenye viazi akiwa ameketi. Na wewe uchukue kilichobaki. Mimi nilianza kuteka maji, wanaume wenzangu wakanicheka. (Wawili kati yao siku hizi huniomba ushauri.)

La chumbani nalo tuliseme. Mwili uliochoka hivyo hupoteza hamu. Usinune, wala usidhani upendo umehamia kwingine. Muulize kwa upole. Tuliahidiana altareni kuwa pamoja katika magonjwa na afya, wala hatukusema ni kwa wiki mbili.

Huku kwetu mtu akikonda na kuchoka, minong'ono huanza. Msiisikilize, lakini msikae nyumbani mkisema "ni Korona tu". Nendeni wote wawili kituo cha afya mkapimwe: kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari, na virusi vya Ukimwi pia. Hayo yote yana matibabu, na yanaweza kujificha nyuma ya uchovu huo. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla au kuzimia kusingoje kesho.

Wengi hupata nafuu polepole, wengine huchelewa sana. Kwa mke wangu ilichukua zaidi ya mwaka, na katika mwaka huo alikuwa na wiki nzuri na wiki mbaya, bila mpango. Sasa analima tena. Saa nne tunaketi chini ya mwembe, na yeye ndiye anayesema kama tunarudi shambani au tunakwenda nyumbani.