Jirani wa Mwenye Kiwanda

Watu wa Mamba na Miamba, katika milima ya Upare wilayani Same, walima tangawizi. Yafaa wajue, pamoja na wasomaji wetu wote, kwamba kesi mashuhuri kupita zote juu ya madai dhidi ya wenye viwanda ilitokana na chupa ya kinywaji cha tangawizi.

Mwezi Agosti 1928, mjini Paisley huko Uskoti, Bibi May Donoghue alinunuliwa kinywaji hicho na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi kilichomo. Alidai kwamba, baada ya kunywa, alimwona konokono aliyeoza akitoka chupani, naye akaugua. Kwa mwenye mkahawa hakuwa na dai la ununuzi, maana si yeye aliyelipa. Ndipo akamdai mtengenezaji, Bwana Stevenson.

Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malordi, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji yampasa kujihadhari asimdhuru mtumiaji, hata asipokuwa mnunuzi. Jaji Atkin alilikumbuka swali la yule mwanasheria wa Injili aliyetaka kujua jirani yake ni nani, akasema kwamba mbele ya sheria jibu lake ni jembamba. Msamaria hakuuliza mipaka. Mahakama haina budi kuiuliza.

Mpaka wa kwanza ndio uwagusao wakulima wetu. Mtengenezaji hujibu kwa bidhaa iliyomfikia mtumiaji kama ilivyotoka kiwandani. Basi baba anayepimiwa dukani dawa ya wadudu katika chupa tupu ya soda, pasipo kibandiko, amekwisha kumpoteza mwenye kiwanda. Mtoto akiinywa, kiwanda kitasema, na kwa haki, kwamba chupa ile si yake na maonyo yake yalibaki dukani. Atabaki mwenye duka, ambaye pengine hana cha kulipa.

Tena mdai ndiye athibitishaye. Hata yule konokono hakupata kuthibitishwa: Stevenson alifariki kabla ya ushahidi kusikilizwa, madai yakamalizwa kwa mapatano.

Na muda una kikomo. Kwa sheria yetu ya mwaka 1971, mtu mzima aliyedhurika kwa uzembe ana miaka 3 ya kufungua dai. Dai la mkataba wa ununuzi lina miaka 6. Kwa hiyo chombo, kibandiko, stakabadhi na cheti cha mganga visitupwe, wala kilichosalia chupani kisimwagwe kwa hasira.