Aya ya deni na nyumba zetu: Tuandikiane kabla ya kuchimba msingi



Ndugu msomaji, mji wetu wa Morogoro unapanuka. Kuanzia Kihonda hadi Bigwa, miguuni mwa milima ya Uluguru, palipokuwa na mashamba sasa pana misingi ya nyumba. Wengi wanaojenga ni watu wa kipato kidogo: mwalimu, mama wa genge, mstaafu na kiinua mgongo chake. Na malalamiko tunayoyasikia misikitini ni yale yale: fundi kala pesa, nyumba imeishia kwenye lenta, kuta zina nyufa hata kabla ya kupauliwa. Ukimuuliza mwenye nyumba mkataba uko wapi, anajibu: "Tuliaminiana, ni ndugu yetu Muislamu."

Kuaminiana si sababu ya kutoandikiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) haizungumzii swala wala funga. Inazungumzia deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Na wanaoamrishwa humo ni wale walioamini. Basi anayemwambia fundi Muislamu "tuandikiane" hamtukani, bali anamtii Mola wake.

Mkataba wa kutengenezewa kitu wanazuoni wa fiqhi wanauita istisnaa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1992, lilipitisha kuwa mkataba huu unazifunga pande zote mbili, mradi aina, vipimo na sifa za kitu zielezwe na muda uwekwe. Likajuzisha pia sharti la fidia, isipokuwa pakitokea jambo lisilozuilika. Kabla ya hapo, imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza mafundi dhamana kwa mali za watu zilizoharibika mikononi mwao.

Nitoe mfano ninaoujua. Mjane mmoja, mwanafunzi wa darasa letu la jioni, alimpa fundi kazi ya nyumba ya vyumba vitatu. Mkataba hawakuandika. Fundi alichukua fedha kwa awamu, na mfuko mmoja wa saruji akaufyatulia tofali maradufu ya inavyotakiwa. Masika yalipofika na maji yakashuka kutoka mlimani, ukuta wa nyuma ukalala chini. Fundi akazima simu. Polisi wakamwambia yule mama kuwa hilo ni suala la madai, naye akafungua shauri mahakamani.

Kilichomsaidia ni daftari la shule la mwanawe. Mara nyingi alipotoa fedha aliandika kiasi na tarehe, fundi akatia saini. Nyingine alizituma kwa simu na ujumbe ulikuwepo. Jirani zake wawili wakatoa ushahidi. Hakimu akampa haki kwa kila fedha yenye maandishi au shahidi. Ile aliyoitoa mkononi, barazani, bila karatasi wala mtu, fundi aliikana na ikapotea. Wala ushindi haukuwa fedha mfukoni: ilibidi aombe mahakama ikaze hukumu, ndipo fundi akaanza kulipa kwa mafungu.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na mafundisho yetu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini kuthibitisha ni kazi ya anayedai, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu upokewe kama ushahidi, basi usiufute. Dai la mkataba lifunguliwe ndani ya miaka 6. Kama aliyekujengea ni mkandarasi aliyesajiliwa, mlalamikie pia kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Fundi wa mtaani asiyesajiliwa, kimbilio ni suluhu mbele ya wazee, iandikwe, na ikishindikana ni mahakama.

Kwako fundi: Allah ameahidi adhabu kwa wanaopunja vipimo (83:1-3), na saruji ni kipimo. Ghorofa lililoporomoka Dar es Salaam Machi 29, 2013 liliua watu zaidi ya 30. Ujenzi mbovu hauishii kwenye hasara ya pesa.

Na kwako mwenye nyumba: katika hadithi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watakaokuwa mahasimu wa Allah Siku ya Kiyama ni aliyemtumikisha mtu, kazi ikatimia, asimlipe ujira wake. Mkataba unamlinda fundi pia.

Basi kabla ya jembe la kwanza:

1. Andikeni kazi yenyewe, vipimo, kiasi cha saruji na nondo, bei na tarehe ya kumaliza.

2. Lipa kwa hatua, baada ya kazi ya hatua hiyo kukaguliwa na mjuzi mwingine.

3. Kila malipo yawe na saini na mashahidi wawili.

4. Kila upande ubaki na nakala.

Karatasi moja na kalamu ni gharama ndogo kuliko ukuta mmoja. Allah atujaalie kuwa wenye kutimiza ahadi, na awarejeshee haki zao waliodhulumiwa. Amin.