Elimu ya Tiba katika Bara Hindi ya Kale

Katika darasa letu la jioni, ndugu mmoja aliyeingia katika Islam si muda mrefu uliopita aliniuliza swali hili: Je, ni halali kwa Mwislamu kutumia dawa ambayo asili yake ni kwa watu wanaoabudu masanamu? Nyumbani kwake mlikuwa na mgonjwa, na jirani mwenye asili ya Bara Hindi alikuwa amewaletea chupa ya dawa ya mitishamba. Mkewe alitaka kuitumia. Yeye aliogopa kupoteza imani yake kwa kijiko kimoja.

Nilimjibu kwa kifupi kwamba Mtume Muhammad s.a.w. ametuamuru tutafute dawa, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na ponyo lake, wala hakusema kwamba ponyo hilo limo mikononi mwa taifa moja tu. Lakini niliona kuwa jibu hilo halikumtosha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nataka kueleza hapa elimu hiyo ilikotoka na jinsi ilivyowafikia Waislamu.

Maandiko ya kale ya Mabuddha yaliyo katika lugha ya Kipali yanatusimulia habari za tabibu aitwaye Jivaka. Mtoto huyu alitupwa jalalani alipozaliwa, akaokotwa na mwana wa mfalme, na alipokua akaenda kusoma utabibu Takshashila, mji ambao magofu yake yapo Pakistan, karibu na Rawalpindi. Alisoma miaka 7. Alipotaka kujua mwisho wa masomo yake, mwalimu wake alimpa jembe, akamwambia auzunguke mji na kumletea kila mmea usiokuwa dawa. Jivaka alirudi mikono mitupu. Mwalimu akamwambia: umehitimu.

Baadaye alikuwa tabibu wa Mfalme Bimbisara wa Magadha, na pia wa Buddha na watawa wake. Hapo pana kisa ambacho sisi wahubiri yatupasa kukisoma mara mbili. Katika Magadha yalienea maradhi matano, miongoni mwake ukoma, kifua kikuu na kifafa. Watu walimwendea Jivaka kwa wingi, naye akawaambia kwamba hana nafasi, kwa kuwa kazi yake ni kumtibu mfalme na watawa. Basi wagonjwa wakafanya shauri: tunyoe vichwa, tuvae nguo za kitawa, tutatibiwa bure na kulishwa! Mmoja wao aliingia, akapona, akavua nguo za utawa na kurudi kwake. Jivaka alipokutana naye alikasirika, akamwomba Buddha asiwapokee tena wenye maradhi hayo, na kanuni ikawekwa hivyo.

Mimi huwaonea huruma wagonjwa wale kuliko ninavyowalaumu. Mtu aliyefungiwa mlango wa tabibu hutafuta dirisha. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuifanya dini kuwa tikiti ya kupata dawa. Kwani hapo hata mkweli hawezi kujulikana na mwongo. Mtu anayekuja kwetu akiwa mgonjwa atibiwe kwanza, na habari za shahada azifikirie akiwa mzima, kwa hiari yake.

Hata hivyo, maandiko hayo hayo yana jambo jema sana. Yasemwa kwamba Buddha alimkuta mtawa mmoja anaumwa tumbo la kuhara, amelala katika uchafu wake, wala hapana mwenziwe aliyemtazama. Buddha na mwanafunzi wake Ananda walimwosha kwa mikono yao, kisha akawafundisha watawa kwamba kumwuguza mgonjwa ni sawa na kumhudumia yeye mwenyewe. Na muuguzi mwema akaelezwa sifa zake: ajue kutayarisha dawa, ajue chakula kinachofaa na kisichofaa, afanye kazi kwa huruma si kwa tamaa, asichukie kuondoa choo na matapishi, na aweze kumtuliza mgonjwa kwa maneno ya dini. Dawa za msingi walizoruhusiwa watawa zilikuwa samli, siagi, mafuta, asali na sukari guru.

Karne ya tatu kabla ya Nabii Isa a.s., Mfalme Ashoka aliandikisha juu ya miamba kwamba ameweka matibabu ya namna mbili, ya watu na ya wanyama, na kwamba mizizi na mitishamba isiyopatikana mahali imeletwa na kupandwa.

Kwa upande wa Wahindu, vitabu viwili vinapita vingine: kile cha Charaka juu ya dawa, na kile cha Sushruta juu ya upasuaji. Sushruta ataja vyombo butu 101 na vyombo vikali 20. Mwanafunzi ajifunze kukata kwa kutumia maboga na mifuko ya ngozi iliyojaa maji kabla ya kumgusa mtu. Maiti ilazwe ndani ya maji yaendayo kwa siku 7, kisha ngozi yake ikwanguliwe pole pole ili viungo vya ndani vionekane. Ameeleza pia jinsi ya kumtengenezea pua mpya mtu aliyekatwa pua: kipimo huchukuliwa kwa jani, ngozi huchunwa shavuni pasipo kutengwa nalo, na mirija miwili huwekwa ili mgonjwa apate kupumua. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilieleza upasuaji wa namna hii uliofanyika Bara Hindi, ngozi ikitolewa kipajini, na mwaka 1814 daktari Mwingereza Joseph Carpue akaufanya kwao.

Si yote yaliyomo ni sahihi. Mafundisho yao kwamba ugonjwa hutokana na kuharibika mizani ya upepo, nyongo na kohozi hayakuthibitishwa na sayansi. Maombi ya uganga nayo yamechanganyika na dawa.

Waislamu wa zamani waliyajua hayo, na bado walisoma. Ukoo wa Barmaki, mawaziri wa Baghdad, ulitokana na wakuu wa hekalu la Mabuddha huko Balkh. Yahya bin Khalid wa ukoo huo, aliyefariki mwaka 805, aliwaita matabibu wa Kihindi. Mmoja wao, Manka, alimtibu Khalifa Harun al-Rashid na kukifasiri kitabu cha Sushruta. Mwaka 850 Ali bin Rabban al-Tabari alimaliza kitabu chake kikubwa cha tiba, na sehemu yake ya mwisho aliitenga kwa ajili ya tiba ya Kihindi. Al-Razi naye amemtaja Charaka mara nyingi.

Nilipomaliza, ndugu yetu akauliza: Basi nimpe mgonjwa? Nikamwambia kwamba halali ni jambo moja na salama ni jambo jingine. Wachunguzi wamekuta risasi na zebaki ndani ya baadhi ya dawa za Kihindi zinazouzwa siku hizi, nazo ni sumu. Aulize imetengenezwa kwa nini, na amwonyeshe daktari kwanza. Siku ya pili asubuhi alimpeleka mgonjwa hospitalini, na chupa ile mfukoni.