Mshahara Unabaki, Posho Zinaondoka: Mwongozo wa Fedha kwa Muuguzi Anayekwenda Masomoni

Muuguzi wa stashahada aliye kazini akipata udahili wa shahada, swali la kwanza nyumbani huwa ni ada itatoka wapi. Ni swali la haki. Lakini ada ina tarehe yake na kiasi chake, na mtu huiona ikija. Nyumba nyingi huyumba kwa jambo ambalo halikuulizwa: mshahara unaendelea kuingia kama kawaida, posho zinakatika siku ile ile mtu anapotoka wodini, na kumbe familia ilikuwa ikila posho.

Mwongozo huu ni kwa mtumishi wa umma Tanzania, mwenye mwenza na watoto, anayekwenda kusoma shahada ya uuguzi kwa muda wote. Walioajiriwa na hospitali binafsi wamewekewa neno lao mbele.

Ruhusa kwanza

Usilipe hata shilingi ya kuthibitisha nafasi chuoni kabla ya kujua msimamo wa mwajiri wako. Mtumishi aliyeruhusiwa kwa maandishi huendelea kupokea mshahara. Aliyeondoka kwa makubaliano ya mdomo na mkuu wa kituo huhesabiwa mtoro, na jina likishaondolewa kwenye orodha ya malipo, kulirudisha ni kazi ya miezi. Barua yako inapita kwa mkuu wa kituo, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Afisa utumishi ataangalia kama jina lako limo katika mpango wa mafunzo wa mwaka huo. Kwa hiyo ombi la kuingizwa kwenye mpango huo litangulie mapema, ikiwezekana mwaka mmoja kabla ya kuomba chuo. Uliza pia, na ujibiwe kwa barua, kama mwajiri atachangia ada au ataishia kwenye mshahara. Katika halmashauri nyingi jibu ni mshahara peke yake. Ukipata zaidi, shukuru.

Soma salari slipu yako upya

Tuchukue mfano wa mama wa watoto watatu mwenye mshahara wa msingi wa 1,000,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 50,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 30,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, ni 20,000. Kodi ya mapato inakokotolewa kwenye 950,000 inayobaki baada ya pensheni, na inafika 115,500. Hapo zimebaki 784,500. Kisha kuna mkopo wa benki uliojenga nyumba ambayo haijaezekwa, 310,000 kila mwezi. Anachokishika mkononi ni 474,500.

Akiwa kazini hakuwa akiishi kwa 474,500. Kulikuwa na posho ya kuitwa kazini, kulikuwa na saa za ziada, na jioni tatu kwa wiki alishika zamu katika zahanati ya mtu binafsi. Tuseme vyote hivyo vilimletea 200,000. Fedha hizo hazikuandikwa popote. Zilikuwa ndizo mboga, nauli za watoto, gesi, na kile kinachoitwa “nitumie kidogo” kutoka kijijini. Sasa zimeondoka zote kwa mpigo, na juu yake kuna mtu mzima anayeishi mji mwingine: chumba, chakula na daladala. Akijibana kwa 250,000 kwa mwezi, nyumbani zinabaki 224,500. Na ada bado haijatajwa.

Weka tarakimu zako mwenyewe badala ya hizi, mkiwa wawili mezani, slipu ikiwa mbele yenu. Kisha fanyeni jambo ambalo watu wengi hulikwepa: miezi mitatu kabla ya kuondoka, isheni kwa fedha ile ile mtakayobaki nayo. Posho zikiingia, zipelekwe akaunti nyingine na zisiguswe. Mkishindwa mwezi wa pili, mmejua mapema, mkiwa bado mna pa kusogea. Mkiweza, zile posho za miezi mitatu ndizo mwanzo wa ada.

Mkopo juu ya mkopo

Hapa nitasema bila kuzunguka. Kuongeza mkopo wa mshahara ili kulipa ada ya mwaka wa kwanza ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Benki itakupa, kwa sababu utaratibu wa utumishi unalinda theluthi moja ya mshahara tu, na ukiwa juu ya theluthi hiyo kwa shilingi chache bado unakopesheka. Theluthi hiyo iliwekwa ili mtumishi asirudi nyumbani mikono mitupu. Haikupimwa kwa ajili ya familia yenye masufuria mawili jikoni, moja Kahama na jingine Dodoma. Mkopo mpya utafunika mwaka mmoja wa masomo, makato yake yatakufuata miaka mitano au sita.

Kama mkopo ulio nao umebakiza mwaka mmoja au miwili, nashauri usubiri uishe ndipo uombe chuo. Najua ushauri huu haupendwi, hasa mtu akiona wenzake wa darasa moja wameshatangulia. Lakini anayeingia chuoni bila makato ya benki, katika mfano wetu, anaingia na 310,000 zaidi kila mwezi. Hakuna mfadhili wa karibu atakayempa kiasi hicho kwa miaka minne.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu isiwe nguzo ya mpango wako. Miongozo yake ya miaka ya karibuni inataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi na asizidi umri wa miaka 35. Anayeficha ajira yake ili apate atakutana nayo baadaye kwenye mfumo wa mishahara. Na kama uliwahi kukopeshwa na Bodi, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi hayasimami kwa sababu umerudi darasani. Yaingize kwenye hesabu.

SACCOS ya watumishi ina nafuu kwa ada ya semista moja, ukikopa ndani ya akiba yako na kumaliza kabla ya semista inayofuata. VICOBA na mchezo wa kupeana endelea navyo ikiwa tu zamu yako ya kupokea inaangukia Oktoba au Machi, na mwenza wako anaweza kuhudhuria vikao kwa niaba yako. Faini za kutohudhuria humaliza faida yote. Mikopo ya kausha damu na ile ya programu za simu, kaa nayo mbali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni, na aliyewahi kuona jamaa zake wakipigiwa simu kudaiwa deni wasilolijua hahitaji maelezo zaidi.

Kalenda ya familia ina miezi mibaya

Mwaka wa chuo unaanza Oktoba au Novemba, mwaka wa shule unaanza Januari. Katikati ipo Desemba, pamoja na nauli za kwenda nyumbani, sikukuu na mialiko. Semista ya pili inagonga mlango Machi au Aprili. Kwa hiyo miezi ya kuweka akiba ni Mei hadi Septemba, na huo ndio wakati wa kununua chakula. Gunia la mahindi na madebe kadhaa ya maharage yaliyonunuliwa wakati wa mavuno, yakakaushwa na kuhifadhiwa vizuri, yanaiokoa Januari kuliko fedha iliyokaa kwenye simu.

Omba chuoni ulipe ada kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali, na masharti yako kwenye jedwali la ada. Lisome jedwali hilo mstari kwa mstari. Utakuta bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400 kwa mwaka. Wewe tayari una kadi inayokuhudumia na mwenza wako na wategemezi wanne, hivyo peleka nakala yake uombe kufutiwa mstari huo. Ambavyo havimo kwenye jedwali ni vile vya wodini: sare, viatu, saa yenye mshale wa sekunde, kipimo cha presha, nauli za hospitali ya mafunzo alfajiri na usiku. Fildi ya jamii inaweza kukupeleka wilaya nyingine huku kodi ya chumba ikiendelea kulipwa, na mwaka wa mwisho kuna gharama za utafiti, kuanzia kibali cha maadili mpaka uchapaji.

Kuhusu watoto: kama wanasoma shule ya kulipia, jambo hili lizungumzwe waziwazi. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi kidato cha sita tangu 2022, ingawa sare, chakula na michango vipo. Kumhamisha mtoto kwa mipango si aibu. Kumhamisha Agosti kwa sababu amerudishwa ada, hapo ndipo anapoumia. Mhamishe Januari, na usimguse aliye darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne. Amalize mtihani wake kwanza.

Ndugu na michango

Mwenza anayebaki nyumbani asigeuzwe mwombaji. Iambie benki ipeleke fedha ya matumizi kwenye akaunti yake siku ile ile mshahara unapoingia, kabla hujaigusa. Kisha usimuulize vitunguu vimenunuliwa bei gani.

Kwa ndugu wengine, taarifa itangulie shida. Msiba hauna mjadala. Unafika, na unatoa ulicho nacho. Kamati za harusi zinajadilika, na ujumbe mfupi wa mapema unatosha: “Shikamoo kaka. Nipo masomoni miaka hii minne, mshahara una majukumu. Mchango wangu ni 30,000, nitautuma tarehe 25. Mungu awatangulie.” Anayetaja kiasi na tarehe huachwa kwa amani. Anayejibu “tutaona” ndiye anayewekewa 150,000 kwenye kadi.

Miradi ya pembeni nayo ichujwe. Kuku wa mayai wanataka macho ya kila siku, na huyo mwenye macho sasa yuko wodini Dodoma. Chumba cha kupangisha kinavumilia. Shamba linavumilia likiwa na msimamizi unayemwamini.

Wa hospitali binafsi

Ninyi hamna mshahara wa masomoni ila kwa mkataba. Mwajiri akikubali kusaidia, atataka umtumikie miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Kabla ya kusaini, soma kifungu cha kurudisha fedha: je, unadaiwa ada tu, au na mishahara? Je, deni linapungua kwa kila mwaka unaotumikia? Jibu likiwa hapana kwa swali la pili, omba libadilishwe.

Shahada ikishapatikana

Usikope kwa kutegemea mshahara mpya. Kubadilishwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi kunasubiri bajeti na kibali, na kunaweza kuchukua zaidi ya mwaka wa fedha mmoja. Aliyekuwa amepanda vyeo anaweza kuanza upya kwenye cheo cha kuingilia, akabaki na mshahara binafsi, yaani ule ule wa zamani, mpaka ngazi mpya imfikie. Uliza chuo na Baraza la Uuguzi na Ukunga, tangu mwaka wa kwanza, utaratibu wa utarajali na mtihani wa leseni unavyokuhusu, maana utarajali ni mwaka mwingine mzima wa kupangia fedha.

Kila mwisho wa mwaka wa masomo peleka matokeo yako kwa mwajiri, na ukimaliza ripoti kazini mara moja kwa barua. Kila barua iwe na nakala mbili: moja inabaki masijala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na unaondoka nayo.